Muulize Mjomba: Begi la Kilimanjaro hufungwa kwa ajili ya usiku mmoja

Mwezi huu barua karibu zote ni za mlima, nami nimefurahi. Minada ya korosho imeanza, hela inaonekana mikononi mwa watu, na vikundi vya Mtwara na Lindi ambavyo zamani vingenunua vitenge vya sare sasa vinachangishana kwenda Kilimanjaro. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mtu wa Mikindani. Nilikwenda Moshi mwaka 1988, nikabeba mizigo mlimani miaka tisa, nikapika huko huko miaka minane, halafu nikarudi nyumbani kwenye mikorosho ya marehemu mama. Nitajibu kwa yale niliyoyabeba na kuyapika.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Kikoba chetu cha wanawake tisa kimeamua kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba, tuwe kileleni asubuhi ya tarehe 9 Desemba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda mlima. Kampuni imetutumia orodha ya vitu zaidi ya arobaini, na vingine hatuvijui hata kwa sura. Mimi nimeshanunua begi kubwa la magurudumu. Nianze na nini, na niache nini? (Mwalimu, Shangani, Mtwara)

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Kwanza mmechagua siku njema. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ndio ambao Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kwenye kilele kile, na tangu hapo kinaitwa Uhuru. Na mmefanya vyema kuchukua siku saba badala ya sita. Sisi tunaotoka usawa wa bahari tunahitaji kila siku tunayoweza kuongeza.

Hilo begi la magurudumu libaki nyumbani, ulitumie kwa safari za Dar es Salaam. Mlimani litaingizwa ndani ya kiroba, litafungwa kamba, kisha litakaa kichwani au shingoni mwa mtu saa tano au sita kwa siku. Chuma na magurudumu ni kilo tatu au nne zisizo na kazi, halafu zina kona. Nimeyabeba mabegi hayo. Kona ya gurudumu hukaa hapa, nyuma ya sikio, na kila ukipiga hatua inagonga palepale ilipogonga jana. Tafuteni mabegi laini ya turubai, yale marefu kama mto, yenye zipu ndefu juu.

Mamlaka ya hifadhi, KINAPA, haimruhusu mpagazi abebe mzigo wa zaidi ya kilo 20, naye ana vitu vyake mwenyewe pia. Ndiyo maana kampuni nyingi humwambia mgeni begi lake lisipite kilo 15. Mizani ipo getini. Nimeona watu wazima, tena wenye heshima zao, wakifungua mabegi mbele ya umati na kutoa jinzi moja baada ya nyingine. Msifike hapo. Pimeni nyumbani, mizani ya samaki ya kuning'iniza inatosha, na Mtwara hamkosi pa kuiazima.

Sasa ile orodha. Ukiisoma kutoka juu kwenda chini utaogopa, na mtu mwenye hofu hupakia kila anachokiona. Isome hivi: safari ina siku saba, lakini begi hufungwa kwa ajili ya usiku mmoja, ule wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni. Siku nyingine zote unaweza kuazimana, kuvumilia, kurudia nguo ya jana. Usiku ule huwezi. Barafu iko kwenye mita 4,600 na ushee. Mtaamshwa kama saa tano usiku, mtanyweshwa chai, saa sita mtaanza kupanda, na mkijaliwa mtafika Stella Point, ukingoni mwa kreta, alfajiri, kisha Uhuru, mita 5,895. Mnatembea gizani kwa mwendo wa kinyonga, kwa hiyo mwili hautoi joto la kutosha, na upepo unapiga bila kuzuiwa na jani. Baridi inaweza kufika nyuzi 10 hata 20 chini ya sifuri. Fikiria Mtwara mwezi wa saba, kusi linavuma, tunajifunika kanga mbili na kusema leo kuna baridi, kumbe kipimo bado kiko kwenye nyuzi 19 au 20 juu ya sifuri. Mwili wetu hauijui baridi ile kabisa. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita.

Kwa hiyo tandika mkeka sebuleni, uzipange nguo za usiku ule kwanza kana kwamba mtu amelala juu yake: kofia mahali pa kichwa, glavu mahali pa mikono, soksi mahali pa nyayo. Ukimaliza kumvalisha huyo mtu wa mkekani, ndipo uangalie kilo ngapi zimebaki kwa mengine.

Nguo ya kwanza kugusa ngozi iwe ya kubana, juu na chini, na isiwe ya pamba. Hapa ndipo watu wa pwani tunakosea, kwa sababu pamba ndiyo rafiki yetu maisha yote. Fulana ya pamba na kanga hunywa jasho na kulishikilia, mwili ukapoa, nasi kwenye joto la Mtwara tunashukuru. Mlimani inafanya kazi ileile, na kazi hiyo ndiyo inayoumiza: ukisimama dakika mbili kupumzika, jasho lile linakuwa maji baridi mgongoni. Chukua ya sufu au ya poliesta, ile inayokauka upesi. Juu yake vaa sweta la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya kama blanketi. Juu ya sweta vaa koti zito lililojazwa manyoya ya bata au sufi bandia, na mwisho koti la kuzuia mvua na upepo, lenye kofia yake. Miguuni, suruali ya ndani ya kubana, ya flisi juu yake, na ya mvua mwisho. Mikononi, glavu mbili mbili: nyembamba ndani, na nje zile zinazoviweka vidole vinne chumba kimoja, maana vidole hupashana joto. Kofia ya sufu ifike chini ya masikio, na shingoni kuwe na kitambaa unachoweza kukivuta mpaka puani. Soksi nene za sufu, jozi moja, uzifunge peke yake na zisiguswe mpaka Barafu. Nasisitiza zisiguswe. Siku ya tatu utazitamani, zitamani tu.

Kuhusu fedha msiogope. Ndani ya mabelo ya mitumba yanayofika Mtwara huwa mna makoti ya Ulaya ya theluji ambayo huku hayana mteja, na muuzaji hukuachia kwa bei ya fulana. Kabla hujanunua, bana kitambaa cha koti mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili, upepo wa mlimani utaingia vilevile. Kisha funga na kufungua zipu mara kumi ukiwa umevaa glavu. Mkikosa hapa, mtapita Moshi, na soko la Memorial limejaa vitu hivyo. Slipingi, yaani ule mfuko wa kulalia wenye zipu, na koti zito mnaweza kukodi Moshi. Slipingi ya kukodi usiipokee ikiwa imekunjwa: ifungue, inuse, ingia ndani, funga zipu mpaka kidevuni, na uulize inahimili nyuzi ngapi. Wakikuambia haishuki chini ya sifuri, rudisha.

Jambo la pili baada ya usiku ule ni maji. Mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha, na siku ya kwanza mtatembea ndani ya msitu ambako hata pasiponyesha majani yanadondosha. Mwaka mmoja nikiwa mpishi, kampuni tuliyofanya nayo kazi haikutupa vifuniko vya mabegi. Ikatunyeshea kutoka getini mpaka kambi ya Machame. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameiweka slipingi yake juu kabisa kwenye begi, bila mfuko. Tulipoitoa, ilikuwa nzito kama gunia la mpunga uliolowa. Nilichemsha maji mpaka saa saba usiku, tukaingiza chupa za moto ndani yake, mvuke ukatoka, haikukauka. Asubuhi alishuka, na alikuwa mzima wa afya, mwenye nguvu kuliko wenzake wote. Chini ya begi lake, pakavu kabisa, mlikuwa na jinzi nne, shuka mbili za maua na chupa ya achari ya embe. Sijaisahau ile achari. Basi: slipingi ndani ya mfuko wake usiopitisha maji, nguo za usiku ule ndani ya mfuko wake, na nguo za kulalia vilevile. Mifuko mitatu. Mkikosa ya kununua, fundi wa maturubai atawashonea kwa kipande cha turubai jepesi, mradi mdomo ukunjwe mara tatu kabla ya kufungwa.

Vidogo ambavyo havina mbadala: taa ya kuvaa kichwani na betri za akiba. Betri na simu zilale nawe ndani ya slipingi na zipande nawe mfuko wa ndani, karibu na ngozi, kwa sababu baridi huzimaliza hata kama hujazitumia. Miwani ya jua iliyo ya kweli, maana jua la juu likishapiga barafu huchoma macho. Mafuta ya kujikinga na jua, ndiyo, hata sisi weusi. Na ya midomo. Karatasi za chooni. Chupa mbili ngumu za maji za lita moja moja, kwa kuwa zile za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani. Usiku ule chupa ziwekeni ndani ya soksi, kichwa chini, sababu maji huanza kuganda juu. Na taulo za kike mbebe nyote, hata ambaye siku zake bado. Wake wa waongozaji ndio walionielimisha: mwinuko na uchovu huvuruga tarehe.

Jinzi, acha. Mafuta manukato, acha. Nguo ya kubadilisha kila siku, acha, hakuna atakayekuangalia. Kanga moja chukua. Ni ya pamba, najua, lakini kuna wakati msituni utatafuta faragha wala hapana ukuta, na kanga ni ukuta.

SWALI: Mjomba, mimi ni bodaboda wa Lindi. Nina viatu vipya vya ngozi vya kupandia mlima, jamaa amenipa zawadi. Nimeambiwa nivitunze visichakae mpaka siku ya safari. Ni sawa? (Kijana wa Mtanda, Lindi)

JIBU: Si sawa hata kidogo. Vivae kesho. Vivae kwenye pikipiki, sokoni, kwenye vile vilima vya nyuma ya mji wa Lindi, wiki sita zisipungue, ukiwa na soksi zilezile za safari. Kiatu kipya hutafuta mahali pa kukuuma, na ni afadhali kikuume Mtanda, ambako unaweza kuvua na kwenda zako pekupeku. Kiwe na nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukisukuma mguu mbele, kwa sababu siku ya kushuka kwenda geti la Mweka vidole vya miguu hugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara. Kata kucha kabla hujaondoka. Wenye kucha ndefu hurudi nazo zimekuwa nyeusi.

Na viatu hivyo usiviweke kwenye buti la basi. Begi likipotea njiani kati ya Lindi na Moshi, koti utakodi, slipingi utakodi, lakini kiatu kilichokwisha kuujua mguu wako hakikodishwi. Safiri navyo miguuni.

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Masasi. Mwanangu wa miaka 17 amechaguliwa na klabu yao ya vijana kwenda Kilimanjaro. Ana selimundu, lakini mwaka wa pili sasa hajalazwa, anacheza mpira kama wenzake. Naomba unitajie nguo za ziada za kumkinga na baridi ili tatizo lake lisimsumbue. (Mama wa Masasi)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na sitakutajia nguo, kwa sababu hakuna nguo ya jambo hili. Mwanao asipande.

Nitakueleza sababu ili uweze kumweleza. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na kileleni oksijeni inayoingia mwilini kwa kila pumzi ni kama nusu ya ile tunayoivuta pwani. Chembe za damu za mwenye selimundu hujikunja kama mundu zinapokosa oksijeni, zikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yale unayoyajua huanza. Baridi huongeza, upungufu wa maji huongeza, na mlimani yote matatu yapo pamoja. Hata kambi ya kwanza ya Machame iko kama mita 3,000. Akizidiwa huko, gari haliwezi kufika. Atashushwa kwa machela ya gurudumu moja, juu ya mawe na mizizi, kwa saa nyingi. Kutolazwa miaka miwili ni uangalizi wako mzuri katika mji ulio chini. Si ishara kwamba ugonjwa umekwisha.

Na ndugu zake uliowazaa? Kama hawajapimwa, wapimwe kabla hawajafikiria mlima. Anayebeba vinasaba tu, asiyeumwa, mara nyingi hupanda salama, lakini wapo walioumia bandama huko juu, kwa hiyo daktari ajue kwanza. Hospitali ya Ndanda iko karibu nanyi.

Najua kijana ataumia. Usimfiche, wala usimwambie baba amekataa. Mwombe mwalimu wa klabu amchukue mpaka Moshi, kama daktari wake ataridhia. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, na alfajiri mawingu yakifunguka kilele chote kinaonekana. Awe mtunza orodha wa kundi: yeye ndiye apime kila begi kwa mizani, yeye ndiye aseme hili litoke, hili libaki, na wenzake wakishuka yeye awe wa kwanza kuwapokea getini. Kazi hiyo ni ya kweli. Kundi lisilo na mtu wa namna hiyo huonekana tangu linaposhuka kwenye basi.

Kwa kuwa barua hii imetufikisha kwa daktari, wengine wote sikilizeni mawili. Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, acetazolamide, wengi huiita Diamox. Haiuzwi kwa kuulizana vibarazani. Aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa SP au kwa Septrin amwambie daktari kabla ya kuigusa. La pili ni malaria, na hili ni letu hasa watu wa Mtwara na Lindi. Mbu anakuuma leo, homa inatokea baada ya siku saba, kumi na nne au zaidi, wakati huo wewe uko kambi ya Shira unaumwa kichwa, na kila mtu anasema ni mwinuko. Ugonjwa wa mwinuko huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi. Homa kali siyo kawaida yake. Laleni ndani ya chandarua wiki zote za maandalizi, na ukipata homa njiani mwambie mwongozaji umetoka wapi. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganya maneno, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, hapana cha kusubiri asubuhi: unashushwa saa hiyohiyo.

SWALI: Mjomba, nitabeba korosho za kubanga kilo tatu na ming'oko ya kuchemsha. Chakula cha kampuni sikiamini. (Mzee kijana wa Nachingwea)

JIBU: Korosho ndiyo, kilo tatu hapana. Kiganja kimoja kwa siku, zenye chumvi, kwenye mfuko wa koti, tayari zimekwisha. Juu huko hamu ya kula hufa, na kitu chenye mafuta na chumvi kinachotafunika bila kukaa chini ndicho kinachoweza kupita. Ming'oko itachachuka siku ya pili; iache nyumbani wale watoto. Na mwamini mpishi. Maji yanachemka Barafu yakiwa kwenye nyuzi 85 hivi, kwa hiyo maharage hayaivi hata ukiyachochea mpaka kesho, na mpishi anajua afanye nini badala yake. Nilipika supu ya malenge huko miaka minane. Ilirudisha watu wengi kwenye miguu yao.

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni msichana wa Kilwa Masoko. Nataka kupanda mlima nikiwa na stara yangu na nisipitwe na sala. Nifungashe nini? (Binti wa Kilwa)

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Wapo wengi waliopanda na stara zao, nami nimewapikia. Hijabu ya pamba na ya shifoni ziache. Chukua mbili za flisi nyembamba au za kile kitambaa cha nguo za michezo, zile za kuvaa kama soksi, zisizohitaji pini. Pini kwenye vidole vilivyokufa ganzi ni mateso. Kofia ya sufu na kofia ya koti zitakaa juu yake. Buibui refu usilivae kutembea: kuna ukuta wa mawe pale Barranco unaopandwa kwa mikono na miguu, na pindo refu litakuangusha. Gauni la kufika magotini juu ya suruali pana ya mlimani linastiri na linakuacha huru.

Kuhusu udhu mimi si sheikh. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka juu ya tayamamu pale ambapo maji yangekudhuru, na juu ya kupunguza sala kwa msafiri, ili ukifika usiwe na shaka ndani ya hema. Msala wako uwe kitambaa chepesi tu. Na kibla usihangaike nacho: kule, kama kwetu, ni kaskazini. Ukiwa kambi ya Karanga utaelekea kibla na kilele kikiwa mbele yako. Mimi nilisali hapo alfajiri nyingi, na hiyo ndiyo sehemu ya mlima ninayoikosa kuliko zote.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nina miaka 22, nimemaliza kidato cha nne hapa Newala, kazi hakuna. Ndugu yangu aliyeko Moshi ameniita nikafanye kazi ya upagazi. Mimi sipandi kama mgeni. Nina koti la mvua la pikipiki, viatu vya jeshi vilivyotumika na blanketi. Vinatosha? (Kijana wa Newala)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Havitoshi, na nitakuambia ninavyojua.

Safari yangu ya kwanza nilivaa raba za turubai, shati, na koti la suti la mitumba. Mzigo wangu haukupimwa. Siku ya tatu tukafika Barranco jioni, mvua imegeuka kuwa punje za barafu, na kazi yangu ilikuwa kufungua kiroba cha hema. Fundo lilikuwa dogo, la kamba ya katani. Nililiona, nilijua linavyofunguliwa, tangu utoto nafunga na kufungua ngalawa. Vidole havikusogea. Nilijaribu kwa meno. Nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya watu. Mzee mmoja wa Kichagga akaweka mzigo wake chini, akanishika mikono yote miwili akaiingiza makwapani kwake, chini ya sweta lake, akakaa nayo hivyo bila kusema neno mpaka ilipoanza kuuma. Kisha akavua soksi zake za akiba akanivisha mikononi. Nilimaliza safari ile na soksi mikononi.

Wagumu, ndivyo wapagazi tunavyoitwa, wengi hawaendi kileleni usiku ule, ndiyo maana hudhani nguo za usiku ule si zao. Lakini wewe utalala Barafu kuwasubiri, kwenye mita zilezile 4,600. Kwa hiyo unahitaji slipingi yako mwenyewe, si blanketi, godoro jembamba la sponji la kutandika chini, kwani baridi kali hutoka ardhini, koti na suruali ya mvua, flisi, kofia, taa ya kichwani, glavu, na soksi kavu jozi mbili zinazobaki kavu. Viatu vya jeshi vitafaa ikiwa soli haijalika na vimeukubali mguu. Koti la pikipiki halipumui, utalowa kwa jasho. Lichukue kwa dharura tu.

Usikope fedha kununua vyote hivyo. Moshi upo mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, unaoazimisha wapagazi nguo na vifaa vya mlimani bila malipo. Nenda pale kabla hujakubali safari yoyote, uwaulize pia haki zako: mlo, hema la kulala, na malipo. Getini simama mwenyewe karibu na mizani uone namba kwa macho yako. Ikizidi 20, sema palepale. Atakayekuambia wewe ni mgeni nyamaza, mwambie shingo si ya mgeni.

Wageni wanaosoma safu hii nao wanajua sasa kwa nini nimekazania jinzi na chupa za achari.

Ukipita Mtwara kupanda basi, uliza ofisini kwa gazeti hili wakuelekeze kwangu Mikindani. Ninazo glavu nzito za sufu, nilizinunua mwaka wangu wa pili mlimani. Kidole gumba cha kulia kimeshonwa mara mbili, lakini zinashika joto bado. Nimezianika juani leo asubuhi. Ni zako.